Akiba ya chakula kwa zamu: shajara ya mradi wetu, Itetemia, Tabora

Mei, wiki ya pili

Mradi wenyewe ni huu: kila kaya katika kikundi chetu cha akina mama ifike mavuno ya mwakani bila kununua debe la mahindi. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inakatika Aprili, na mahindi unayovuna kati ya Mei na Juni ndiyo hayo hayo mpaka mwaka uzunguke. Hakuna msimu wa pili wa kukuokoa. Ukiyauza yote Juni wakati bei iko chini, Januari utayafuata sokoni bei ikiwa juu, na pengine utakayoyanunua ni yale yale yaliyotoka shambani kwako.

Nimekubali kuwa katibu wa kikundi, kazi ya kujitolea, na daftari liko kwangu. Nina mtoto wa miezi saba anayenyonya, wa pili ana miaka mitatu na hatulii, mkubwa yuko darasa la tatu. Nataka mradi huu uandikwe pamoja na watoto hao, siyo kana kwamba hawapo. Mafunzo mengi ya kuhifadhi chakula niliyohudhuria humwambia mama akaushe, apukuchue, apepete, achambue, afungashe. Hayasemi mtoto atakuwa kwa nani wakati huo. Kwa ninavyoona mimi, hapo ndipo akiba za kaya nyingi zinapoharibikia: mahindi yapo, jua lipo, mikono ya mama ndiyo haipo.

Hali ya sasa: karanga zimeng'olewa, mahindi bado yanakaukia shambani, viazi vitamu viko kwenye matuta.

Mei, wiki ya tatu

Tumeanza na karanga kwa sababu ndizo zinazoingia kwenye uji wa watoto. Hapa nimeomba kikundi tuwe wakali kweli.

Sumukuvu inatokana na fangasi. Wanaipenda karanga iliyolundikwa ikiwa mbichi, iliyoanikwa juu ya udongo mtupu, iliyotobolewa na wadudu, au iliyosinyaa. Sumu yenyewe huioni na haina ladha, na haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hii. Hao walikula nyingi kwa muda mfupi. Inayoniumiza kichwa zaidi ni ile kidogo kidogo, ya kila siku, kwenye bakuli la mtoto, ambayo inaharibu ini na inahusishwa na kudumaa.

Sasa angalia tulivyozoea. Karanga nzuri zinachambuliwa na kupelekwa sokoni. Zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zinabaki nyumbani, zinatwangwa, zinaungwa kwenye mboga au zinawekwa kwenye uji. Mama anafanya hivyo kwa nia njema kabisa, asitupe chakula. Lakini kwa hesabu hiyo mtoto wake ndiye anayepewa chembe zenye hatari kuliko zote.

Makubaliano tuliyoandika: karanga zinaanikwa kwenye turubai au mkeka, zikiwa na maganda yake, mpaka ukitikisa ganda usikie mbegu inacheza ndani. Hatuloweki maganda ili kubangua kurahisike; tunabangua kavu, vidole viume. Mbegu yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi haibaki nyumbani, haipelekwi sokoni na kuku hawapewi. Inachomwa. Akina mama wawili walinung'unika kuona sufuria nzima ikienda motoni, na ninawaelewa, maana kila chembe pale iliinamiwa shambani. Hata hivyo walichoma.

Mei, wiki ya nne

Hesabu ya kaya yangu, niliyoifanya mbele ya wenzangu ili kila mmoja aifanye ya kwake.

Tuko sita: mimi, baba watoto, mama mkwe na watoto watatu. Unga wa dona kilo mbili unatutosha kwa siku, ugali na uji wa asubuhi. Kuanzia Julai mosi hadi mwisho wa Aprili ni siku 304, kwa hiyo kilo 608. Magunia sita ya kilo 100, na kidogo. Tunaweka la saba kwa ajili ya wageni, misiba na mtoto anayeanza kula. Hiyo ni kwa dona. Ukikoboa sembe hesabu haitoshi, kwa sababu sehemu ya mahindi yako inabaki mashineni kama pumba, na virutubisho vingi vinakwenda nayo.

Saba. Nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Watu hapa wanajua wamevuna gunia ngapi, lakini wachache wanaojua wanakula gunia ngapi. Mama mmoja mwenye watoto wengi alipomaliza hesabu yake alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana Desemba kwangu hakuna kitu. Kila mwaka nilidhani naibiwa."

Juni, kikao cha kwanza

Kikao hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu bila makubaliano yake sioni kama tungefika popote.

Mpango wa kazi ulikuwa mwepesi: tunakwenda kwa kundi, leo kaya hii, kesho kutwa kaya ile, mpaka wote wamekausha, wamepukuchua na kufungasha. Nikauliza watoto watakuwa wapi. Jibu lililotoka haraka lilikuwa kwamba kila mtu aje na wake mgongoni, na wakubwa kidogo waachwe na dada zao. Nikauliza tena: dada zao ni akina nani? Ni wasichana wa darasa la nne na la tano. Kwa maneno mengine, ili sisi tuweke akiba ya chakula, binti akose shule siku ya kazi. Nilisema wazi kwamba mimi katika hilo siandiki jina la mtu.

Tukapendekeza zamu ya watoto: wakati wengine wanafanya kazi, wawili wanakaa na watoto wote mahali pamoja. Wote waliafiki mpaka tulipofika kwenye daftari. Mmoja wetu, mchapakazi sana, akasema, "Kukaa na watoto siyo kazi. Mimi nipukuchue gunia zima mikono ichubuke, mwenzangu akae kivulini, halafu tuandikwe sawa?" Wapo waliomuunga mkono.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa nyuma, kimya. Akasema, "Mwanangu, hayo magunia unayapukuchulia nani?" Halafu akaeleza jinsi enzi zao kazi ya shamba ilivyofanyika kwa pamoja, na kila mara bibi mmoja alipewa watoto, na jioni alipewa fungu lake la chakula sawa na waliolima. Hakuna aliyemwita mvivu. Yule mwenzetu alifikiri, akauliza wangapi watakuwa kwenye kundi la watoto, akatajiwa idadi, akainua mkono kukubali.

Tuliyoyaandika: zamu ya watoto inahesabiwa sawa na zamu ya kupukuchua, mstari mmoja kwa mstari mmoja. Walezi wawe wawili, wasipungue. Watoto wanakaa kivulini kwenye kaya ile ile yenye kazi au ya jirani yake, umbali wa kuitana, ili anayenyonya aletwe kwa mama yake akihitaji. Maji yao yamechemshwa na yana chombo chake. Hawasogei kwenye vumbi la kupepeta wala penye dawa ya nafaka. Na hakuna mtoto wa shule anayebakizwa nyumbani kulea.

Juni, katikati

Mahindi yameletwa nyumbani. Tunaanika kwenye maturubai, tunageuza, jioni tunakusanya na kufunika kwa sababu usiku wa Juni huku una baridi na umande.

Kupima ukavu tunatumia chumvi. Unachukua chupa ya glasi iliyo safi na kavu, unatia mahindi kama theluthi yake, unaongeza vijiko vichache vya chumvi iliyoanikwa juani ikakauka, unafunga, unatikisa vizuri, unaacha dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi, rudisha juani. Ikianguka chini yote bila kushika, endelea. Kipimo hiki hakikuambii asilimia kamili, na kwa kufungasha kwenye mifuko isiyopitisha hewa inafaa yawe kama asilimia 13. Kwa hiyo hata chumvi ikikubali tunaongeza siku moja ya jua. Chupa moja inatutosha kikundi kizima, na watoto wakubwa wanaporudi shuleni wanagombea kuitikisa.

Juni, wiki ya mwisho

Kupukuchua, kupepeta, kufungasha. Hii ndiyo wiki ngumu kuliko zote na imekwenda vizuri.

Adui wetu mkubwa ni dumuzi, na mdudu huyu ana historia na mkoa wetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwanza hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia na mahindi yaliyoletwa kutoka nje miaka michache kabla. Kutoka hapa akasambaa nchi nyingine. Ni mdogo, wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwili kama kipande cha kijiti, na kazi yake ni kutoboa: anatoboa mahindi, muhogo mkavu, hata mbao. Anapenda sana mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, kwa sababu punje zimeshikana na yeye anapata pa kujikazia. Mama mkwe anasimulia kwamba zamani mahindi yalikaa na magunzi yake kwenye kihenge mwaka mzima. Dumuzi alipokuja walifungua vihenge wakakuta unga na magunzi matupu. Ndiyo sababu tunapukuchua mapema, hatusubiri.

Tulijadili njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya na dawa ya unga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Inafanya kazi, lakini inataka uipate iliyo halisi na isiyopitwa na wakati, uvae kitambaa puani, na watoto wawe mbali. Ya pili ni mifuko ya tabaka tatu: miwili ya nailoni nzito ndani, mmoja wa kawaida nje. Ukifunga vizuri, wadudu waliomo wanamaliza hewa ya oksijeni, wanaacha kula, wanakufa. Hakuna dawa inayogusa chakula. Mifuko hii ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, ila ikitunzwa bila kutoboka inatumika tena msimu unaofuata. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa na kupeleka kila kitu mdomoni, nilichagua mifuko bila kusita. Wengi wamechagua hivyo hivyo, wachache wameenda na dawa kwa sababu ya bei, na hao tumewapangia siku ambayo kundi la watoto liko kaya nyingine kabisa.

Namna tunavyofunga: kwanza unaupuliza mfuko wa ndani hewa na kuubana, usikilize kama unavuja. Unajaza mahindi huku ukitikisa yashuke, unaacha shingo ndefu. Unakamua hewa kwa mikono, unasokota shingo mpaka ikaze, unaikunja, unafunga kwa kamba ya mpira. Kisha mfuko wa pili hivyo hivyo, kisha wa nje. Hufungui mwezi mzima angalau. Magunia yanakaa juu ya chaga ya miti, mbali na ukuta, nafasi ya paka kupita.

Mwanangu mdogo aliletwa kwangu kunyonya katikati ya kufunga, nikakaa kwenye magunzi nikamnyonyesha, mwenzangu akashika shingo ya mfuko wangu mpaka nikamaliza. Kazi haikusimama. Nimeiandika kwa sababu ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu Mei.

Julai, mwanzoni

Madalali wamefika kijijini na magari. Tumevuna magunia 11 kwenye eka moja na nusu. Baba watoto alitaka tuuze saba na kubaki na manne, na hoja zake si za kudharau: sare, madaftari, mchango wa chakula cha shuleni, deni la mbolea. Niliweka daftari mezani nikamwonyesha 608. Tulihesabu pamoja, yeye akiwa na simu yake. Tukiuza saba, magunia manne yanaisha mwanzoni mwa Februari hata kama tutajibana, na kuanzia hapo tunanunua kwa bei ambayo wote tunaikumbuka. Akakaa kimya, akasema, "Basi tuuze manne. Deni la mbolea nitaongea nao, nilipe kwa awamu. Cherehani yako itaisaidia sare."

Tumekubaliana kwamba magunia saba yaliyofungwa hayauzwi na mmoja wetu peke yake. Likiguswa, tumekaa wote wawili. Nimependekeza kikundi kizima kifanye mazungumzo hayo kabla gari la dalali halijapaki nje. Kwa kaya zinazolima tumbaku jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu nguvu za msimu mzima zimekwenda kwenye zao lisiloliwa, na eneo la mahindi linabaki dogo.

Manne tuliyouza yamepimwa kwa mzani. Dalali alitaka lumbesa, gunia lenye kilemba juu kama debe moja la bure. Tulikataa kama kikundi, kaya moja baada ya nyingine, na aliyefuata alikuja na mzani wake.

Agosti

Viazi. Huu ndio mwezi ninaoupenda, maana kazi inafanyika tumekaa na mazungumzo yanakwenda.

Michembe ni viazi vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Matobolwa unachemsha kwanza, ndipo unamenya, unakata na kuanika. Jua la Agosti na upepo wake mkavu havina mfano kwa kazi hii. Tumejenga vichanja vya fito vilivyoinuliwa kutoka chini, mbuzi wasifike na vumbi lipungue. Kwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, tunaanika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linapunguza vitamini A, na hata vikishakauka tunavila mapema, tusivihifadhi miezi mingi kwa kutegemea rangi. Vyeupe ndivyo vinavyopelekwa mpaka Februari.

Mwalimu wetu hapa ni mama mkwe. Anajua kwa kuvunja kipande mkononi: kikilia, kimekauka; kikipinda, kirudishe. Amefurahi sana. Asubuhi moja mwanakikundi kijana alimsalimia, "Mwangaluka, mayu," akainama na kuomba afundishwe kukata. Mama mkwe alisema kwa muda mrefu alidhani ujuzi huu utakufa na kizazi chake, kwa sababu watoto wa sasa wanataka mkate kwenye chai. Watoto wetu wanakula matobolwa kwa karanga na hawaulizi mkate.

Kundi la watoto mwezi huu lilikuwa pale pale kwenye kazi, hakuna dawa wala vumbi. Wa miaka mitatu wangu amepewa kazi ya kufukuza kuku. Anaifanya kwa bidii zote.

Septemba

Mtoto mdogo alipata homa kali usiku. Zahanati wakampima, malaria, akaanzishiwa dawa mseto. Sikugusa mradi mpaka alipopona. Daftari lilichukuliwa na mwenzangu, zamu zangu mbili zikafanywa na wengine, na hakuna aliyekuja kuniuliza nitalipa lini. Kujitolea ninakokuelewa mimi kuna nafasi ya mtu kuondoka na kurudi. Mama akilazimika kuchagua kati ya kikundi na mtoto mgonjwa, atachagua mtoto, na ni sawa. Kwa hiyo kikundi kipangwe kikijua hilo.

Oktoba

Ukaguzi. Panya wametoboa mfuko mmoja katika kaya moja, chini, uliosukumwa mpaka ukagusa ukuta. Tumehamishia mahindi kwenye mfuko mwingine siku hiyo hiyo na kuinua chaga. Kwingine kote mifuko imekaza. Joto la mwezi huu linachosha, watoto hawalali mchana.

Novemba

Mvua za kwanza. Kila mtu yuko shambani kwake na kazi za kikundi zimesimama kwa makubaliano, isipokuwa zamu ya watoto. Hiyo akina mama wenyewe wameomba iendelee wakati wa kupanda. Hatukuwa tumeipanga. Anayebaki na watoto, shamba lake linapandwa na wale aliowalelea, nusu siku.

Desemba

Maembe. Tabora inafahamika kwa miembe yake, mingine mikubwa na ya zamani mno, na mwezi huu yanaoza chini ya miti huku watu wakiyaruka. Tumejaribu kukausha vipande vyembamba. Tatizo ni mvua: ukianika asubuhi, mchana wingu limeshafunga, na embe lililoloa linachacha. Tumepata kiasi kidogo kwa siku zilizokuwa na jua mfululizo, tukaanika chini ya nailoni angavu iliyoinuliwa kwa fito, pande zote wazi hewa ipite. Watoto wamekula karibu yote kabla hayajafika kwenye kopo. Kama akiba, embe halijafanikiwa. Kama chakula cha watoto kwa mwezi huo, hakuna anayelalamika.

Januari

Mwezi wa kupimwa. Vihenge vya watu vimeanza kusafishwa chini, na habari kwamba kwetu kuna mahindi zimeenea. Shemeji yangu alifika na familia yake kutoka upande wa Sikonge, wakakaa. Majirani ambao hawamo kwenye kikundi wanakuja jioni na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

Nimelifikiria jambo hili kuliko mengine yote kwenye shajara hii. Wapo wanaosema ukitaka akiba idumu, ifiche. Usimwonyeshe mtu ulichonacho. Siwezi kuishi hivyo Unyamwezini na sitaki kuwalea watoto wangu hivyo. Lakini pia najua nikigawa kwa kila anayebisha hodi, Machi nitakuwa mimi ninayebisha. Gunia la saba ndilo lililotusaidia. Lilikuwa la wageni tangu mwanzo, limo kwenye hesabu, kwa hiyo linapotolewa halinitii hofu. Shemeji na watu wake wamekula humo, na aliporudi kwao tulimpa debe moja. Aliniuliza kuhusu mifuko, nikamwonyesha jinsi ya kufunga, akafunga na kufungua mpaka mkono ukazoea.

Kikundi kimetoa kisado kimoja kimoja kwa kila kaya kwa mwenzetu aliyejifungua wiki ya pili, pamoja na karanga zilizochambuliwa. Yeye alikuwa kwenye zamu ya watoto miezi yote ya mwisho ya ujauzito, wakati kuinua gunia kusingewezekana kwake. Jina lake kwenye daftari lina mistari sawa na wote. Yule aliyesema kukaa na watoto siyo kazi ndiye aliyezunguka kukusanya visado.

Februari

Tumefungua gunia la tano. Mahindi yanang'aa, hayana vumbi, hayana harufu. Dumuzi wachache waliokufa tumewakuta chini ya mfuko. Bei sokoni imepanda kama kila mwaka, na mimi nimepita pale nikanunua chumvi na dagaa. Michembe bado ipo, tunachemsha asubuhi wakati mwingine kupumzisha unga.

Kaya zote za kikundi hazikufanikiwa sawa. Tatu zimeshaanza kununua: mbili ziliuza zaidi kwa sababu ya ugonjwa nyumbani, moja shamba lake lilitoa kidogo tangu mwanzo na hakuna mfuko unaoweza kuongeza mahindi ambayo hayakuota. Kwa hao kikundi kimekubali kuwakopesha mahindi kwa kipimo, watarudisha mavuno yakitoka, debe kwa debe, bila nyongeza.

Mtoto mdogo anatembea. Anakula ugali na sisi.

Machi

Majani ya kunde yamejaa, na ndiyo akiba ya kwanza ya msimu mpya. Tunachuma machanga, tunayachemsha kidogo, tunaanika kivulini: nsansa. Mvua zinatusumbua, kwa hiyo tunasubiri siku zenye jua na tunakausha kidogo kidogo. Ikipikwa na karanga hakuna anayekumbuka nyama.

Kikao cha Aprili kimeshapangwa. Ajenda ya kwanza ni mifuko: ipi inarudiwa kutumika, ipi imetoboka, na fedha za kununua mingine tuanze kuchanga sasa, kidogo kila wiki, kabla gharama za mavuno hazijatumaliza. Ya pili ni kaya ambazo mashamba yao ni madogo, kama kikundi kinaweza kukodi eka moja ya pamoja na kuwagawia wao kwanza. Ya tatu imeletwa na akina baba wenyewe, wanne, ambao wanataka kuingia kwenye mradi. Akina mama wamewajibu kwamba wanakaribishwa na wataandikwa kwenye zamu zote, pamoja na ya watoto. Baba watoto amechukua Jumamosi ya kwanza ya Juni, kwa sharti kwamba mlezi mwenzake siku hiyo awe mama yake.